Je, Mtoto wa Karagwe Afuate Njia ya Kiwanuka?

MWALIMU WA MICHEZO: Mimi nashika hoja ya kwamba kazi ya mlinzi katika mpira wa Kimarekani ni kazi ya heshima na ya maarifa, na ya kwamba mtoto wa Kayanga au wa Nkwenda aliyejaaliwa kifua, miguu na akili ya kuusoma mchezo ana haki ya kusimuliwa habari zake kama anavyosimuliwa habari za rubani na za mhandisi. Mfano wangu siutoi mbali. Ukivuka mto Kagera pale Murongo uko Uganda, na ni wazazi wa Uganda waliomzaa Mathias Kiwanuka, mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, Waziri Mkuu wa kwanza wa nchi ile. Alizaliwa Indianapolis, Marekani, mwaka 1983, akasoma Boston College, ambako mwaka 2004 alichaguliwa mlinzi bora wa jumuiya ya vyuo iitwayo Big East. Na mwaka 2006 timu ya New York Giants ikamteua akiwa wa 32, yaani wa mwisho katika duru ya kwanza. Akadumu nayo misimu 9, na katika muda huo timu ikatwaa ubingwa wa ligi ya NFL mara 2. Ni kwa insafu gani tumfiche mtoto habari kama hii?

TABIBU: Hapana aliyekuambia umfiche, Bwana Mwalimu, nisemalo ni kwamba ukimsimulia, msimulie yote. Ubingwa wa kwanza, ule wa Februari 2008, Kiwanuka hakuuchezea, kwa kuwa mguu wake ulikuwa umevunjika Novemba iliyotangulia, na wenzake walipokuwa wakiwashinda New England Patriots kwa 17 kwa 14 yeye alikuwa mtazamaji. Mwaka 2010 akauanza msimu kwa nguvu za simba, akawaangusha warushaji mpira wa adui mara 4 katika mechi 3 za mwanzo, kisha ikagunduliwa hitilafu katika diski ya uti wa shingo, na msimu wake ukaishia hapo. Mguu ukivunjika nitaufunga nao utaunga, lakini shingo ni njia ya uhai wenyewe, ndani yake zinapita amri zote za kutembea na za kupumua, na mtu anayeamka asubuhi akaambiwa kwamba kishindo kimoja zaidi chaweza kumlaza maisha, huyo ameulizwa swali ambalo hakuna mshahara unaolijibu. Wewe wahesabu misimu 9 na mataji 2. Mimi nahesabu mguu na shingo.

MWALIMU WA MICHEZO: Nazikubali hesabu zako, Bwana Tabibu, lakini zihesabu na za hapa kwetu. Vijana wa Kyerwa wanaochimba bati huingia mashimoni ambayo dari zake hazina dhamana. Vijana wa bodaboda huteremka milima usiku wakiwa wamepakia abiria wawili na mkungu wa ndizi. Wala sijasikia baraza likiitishwa kuwauliza kama kazi zao ni halali. Isitoshe, mlinzi si ng'ombe wa Ankole anayetumwa kugonga kwa pembe. Upande wenye mpira hupewa majaribio 4 ya kusogea yadi 10, na kazi ya walinzi 11 ni kuyabatilisha majaribio hayo kabla adui hajapata mengine. Kwa hiyo mlinzi husoma nyayo, husoma mabega, hukariri mipango ya mpinzani kama mwanafunzi akaririvyo kanuni za hesabu. Kiwanuka alifika akawakuta Michael Strahan, Osi Umenyiora na Justin Tuck wameishika safu ya mbele, naye ambaye ulinzi wa ukingoni ndio aliozoea akahamishiwa safu ya pili mwaka 2007, kazi yenye macho mengine na miguu mingine kabisa. Na mwaka uliofuata, Umenyiora alipoumia goti, akarudishwa ukingoni. Alijifunza kazi mbili kwa hiari, pasi na kunung'unika hadharani. Hiyo ndiyo adabu ninayotaka wanafunzi wangu waione.

MKULIMA: Mwanangu Mwalimu, mimi mpira huo sikuuona ila katika simu ya mjukuu wangu, lakini nimesikia kwamba bwana huyo siku moja alimkamata adui kisha akamwachia. Mlinzi anayemwachia mwizi mlangoni, kwetu huitwaje?

MWALIMU WA MICHEZO: Nafurahi umeiuliza, mzee wangu, maana ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Ilikuwa tarehe 26 Novemba 2006, mwaka wake wa kwanza, katika mechi dhidi ya Tennessee. Giants waliingia robo ya mwisho wakiongoza kwa 21 bila. Katika jaribio la nne la adui, zikiwa zimebaki yadi 10, Kiwanuka alimkumbatia Vince Young, mrushaji mkuu, ambaye wenyewe humwita kwotabeki. Akadhani mpira umekwisha kurushwa, na kwa kuwa sheria humwadhibu amwangushaye mrushaji baada ya mpira kutoka mkononi, akalegeza mikono. Mpira ulikuwa bado mkononi mwa Young. Akachomoka, akakimbia, na timu yake hatimaye ikashinda kwa 24 kwa 21. Kijana wa miaka 23 akalaumiwa na mji mzima wa New York. Naye hakujificha: alieleza alichokidhani, akarudi mazoezini, na miaka 5 baadaye, tarehe 5 Februari 2012, alisimama uwanjani Indianapolis, mji uleule alikozaliwa, timu yake ikiwashinda tena Patriots, safari hii kwa 21 kwa 17. Mtu aliyekosea kwa kuiheshimu sheria, kisha akalipa kosa lake kwa kazi, huyo si mlinzi aliyemwachia mwizi.

MKULIMA: Basi nimemstahi. Lakini heshima ya mtu ni jambo moja na bei ya mtu ni jambo jingine, nami nataka kujua habari za bei. Sisi wa Karagwe na Kyerwa tunaijua butura. Mkulima ana ada ya shule, ana mgonjwa nyumbani, kahawa yake ingali ua juu ya mti. Anakuja mwenye fedha, analitazama ua, anataja bei, na mkulima kwa dhiki yake anapokea. Mvua ikinyesha vizuri, faida si yake. Bei ikipanda, faida si yake. Lakini palizi yake, jembe lake, usiku wa kulinda shamba wake. Serikali imeikataza butura mwaka nenda mwaka rudi, nayo haijaisha, kwa kuwa dhiki haikatazwi kwa tangazo. Niambie sasa: mtoto akienda kwa watu hao, anauza kahawa iliyoiva au anauza ua?

MWALIMU WA MICHEZO: Si butura, mzee wangu. Wachezaji wale wana chama chao, wana mapatano ya pamoja na wenye timu, wana wakala anayesoma kila kifungu, na mchezaji aliyetimiza misimu 3 hujipatia haki ya pensheni. Ni mkulima gani wa butura mwenye pensheni?

TABIBU: Umeitaja misimu 3, Bwana Mwalimu, nami nashukuru umeitaja wewe. Chama hichohicho cha wachezaji husema kwamba wastani wa kudumu katika ligi ni miaka 3 na kitu tu, maana yake ni kwamba walio wengi wanafika kwenye kizingiti cha pensheni wakiwa tayari wanatolewa mlangoni, na wengine hawakifikii. Na mikataba yao, kinyume na ile ya mpira wetu wa miguu kule Ulaya, kwa sehemu kubwa haina dhamana: timu ikimwona mtu amechakaa humwachilia, na mshahara wa miaka iliyobaki ambao haukuwekewa dhamana hufutika. Kiwanuka mwenyewe aliachiliwa Machi 2015, akiwa na miaka 32 hivi, umri ambao tabibu ndiyo kwanza anaanza kuaminiwa na wagonjwa. Mzee ameuliza swali la haki: anayejua thamani ya ua ni nani, muuzaji au mnunuzi?

MWALIMU WA MICHEZO: Lakini misimu yake 9 ni karibu mara 3 ya huo wastani! Tena Kiwanuka hakuuza ua, kwa sababu alipoteuliwa alikuwa amekwisha kupita katika sekondari na chuo kikuu, na ligi yenyewe haimpokei kijana mpaka ipite miaka 3 tangu amalize sekondari. Ngao ile ya elimu ndiyo inayomtenganisha na mtu wa butura, ambaye anauza kwa sababu hana kingine cha kuuza.

TABIBU: Ngao ya elimu inakaa kichwani, na kichwa ndicho kinachogongwa. Mwaka 2002, huko Pittsburgh, daktari Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, aliupima ubongo wa Mike Webster, mchezaji mashuhuri aliyefariki akiwa na miaka 50 baada ya kuishi siku zake za mwisho katika fadhaa, akakuta ndani yake mabaka ya protini ambayo darubini pekee ndiyo ingeyaonyesha. Si maradhi ya pigo moja kubwa linalomzimisha mtu. Ni ya mapigo mengi madogo, yale ambayo mchezaji huyapuuza, huinuka, hujipangusa vumbi na kuendelea. Mwaka 2011 Dave Duerson, mlinzi wa nyuma aliyekuwa bingwa na Chicago Bears, alijitoa uhai, akiacha wasia kwamba ubongo wake upelekwe kwa watafiti. Nao wakayakuta maradhi yaleyale. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston wakatangaza kwamba, kati ya bongo 111 za wachezaji wa zamani wa NFL walizozichunguza, 110 zilikuwa nayo. Mtu huyathibitishiwa akiwa amekwisha kufa. Utamshauri vipi mgonjwa juu ya ugonjwa ambao jina lake utaliandika katika cheti cha kifo?

MWALIMU WA MICHEZO: Kwa kuwa tumekubaliana kusema yote, Bwana Tabibu, sema na hili: bongo zile zilitolewa na familia ambazo nyingi zilikuwa zimekwisha kuona dalili kwa wapendwa wao, na watafiti wenyewe walitahadharisha kwamba 110 katika 111 si kipimo cha wachezaji wote. Anayepima maji ya kisima kilichokwisha kulalamikiwa hawezi kutoa hukumu juu ya visima vyote vya wilaya. Tena mchezo umebadilika: tangu mwaka 2018 mchezaji anayeinamisha kichwa na kukifanya rungu huadhibiwa. Na mwaka 2023, tarehe 2 Januari, Damar Hamlin, mlinzi wa Buffalo Bills, aliposimama moyo baada ya kumkamata adui, matabibu walimfikia papo hapo, wakaufufua moyo, na mwaka uleule akarudi kucheza.

TABIBU: Naikubali tahadhari yako kuhusu zile 111, ni tahadhari ya haki, nami sitaitaja tena hesabu ile kana kwamba ni hukumu juu ya wote. Lakini umemtaja Hamlin, nami nakuuliza: ni kiwanja gani cha shule katika wilaya zetu mbili kina mashine ya kuushtua moyo, na gari la wagonjwa likingoja pembeni injini ikiwaka? Uwanja mmoja wa Marekani siku ya mechi una matabibu wengi kuliko kata zetu kadhaa kwa mwaka mzima. Ukiwafundisha watoto hapa kugongana kama wale, umewapa hatari ya Hamlin pasi na kinga ya Hamlin. Na haki nayo itazame. Wachezaji wa zamani walipoishtaki ligi kwa kuwaficha madhara, mapatano ya mwaka 2013 yalianzia dola milioni 765. Lakini katika kuwapima akili wale wanaodai fidia kikatumika kipimo kilichochukulia kwamba mtu mweusi ana akili ndogo tangu mwanzo, hivyo ikawa vigumu zaidi kwake kuonyesha kwamba amepungukiwa. Mwaka 2020 Kevin Henry, mlinzi wa zamani wa Pittsburgh, alikwenda mahakamani pamoja na mwenzake kulipinga jambo hilo, na mwaka 2021 ligi ikakubali kuliacha. Mwili ulipokuwa na nguvu, rangi haikupunguza pigo. Ubongo ulipochoka, rangi ikapunguza fidia.

MKULIMA: Hapo, mwanangu Tabibu, umenichoma. Nikuelezeni sasa ninavyouelewa ugonjwa huo. Mnyauko ulipoingia Kagera, mwaka ule wa 2006 na miaka iliyofuata, tuliona migomba inasimama imara, mkungu umejaa, na ndizi zinaanza kuiva upesi kabla ya wakati wake. Asiyejua alifurahi. Ukiikata ndizi, ndani imeoza; ukikata shina, linatoka tope la manjano. Wataalamu wakatufundisha kung'oa, kuzika na kutoazimana kisu, kwa kuwa kisu kile kilichokata mgomba mgonjwa ndicho kinachokwenda kuua mzima. Kijana anayeiva upesi, ana nyumba, ana gari, jina lake linaimbwa akiwa na miaka 23, naye ndani ya kichwa hatujui; huo kwangu ni mkungu ulioiva kabla ya siku zake. Lakini sikung'oa shamba lote, Mwalimu. Niling'oa migomba iliyougua, nikajifunza kisu, nikapanda tena.

MWALIMU WA MICHEZO: Basi umenisaidia, mzee wangu.

MKULIMA: Sijakusaidia bado. Umelianza neno lako kwa babu yake kijana huyo, kisha ukampita kama mtu anayepita kaburi bila salamu. Benedicto Kiwanuka naye alikuwa mlinzi. Alikuwa Jaji Mkuu wa Uganda zamani za Idi Amin, na tarehe 21 Septemba 1972 askari wakamtoa katika Mahakama Kuu mjini Kampala, mchana, wakamuua, kwa kuwa alisimama baina ya raia na dola akasema sheria ni sheria. Miaka 6 baadaye Amin huyohuyo akavusha majeshi yake, akadai nchi yetu iliyo kaskazini ya mto ni yake, daraja la Kyaka likavunjwa, na sisi wa ukingo huu wa Kagera tunaoikumbuka Oktoba 1978 hatuhitaji kufafanuliwa maana ya ulinzi. Babu alilinda haki za watu wote kwa roho yake. Mjukuu amelinda yadi 10 za nyasi kwa shingo yake. Simdharau mjukuu. Nauliza tu: kama mwili ni amana, unafaa kuvunjwa kwa ajili ya nini?

MWALIMU WA MICHEZO: Ni neno zito, nami sitalijibu kwa wepesi. Sikudai kwamba michezo ni sawa na haki. Nadai kwamba watu walewale waliofukuzwa makwao na dhuluma wanahitaji pia watoto wao wasimame mbele ya umati wa ugenini wakaitwa kwa majina ya ukoo wao. Kila mtangazaji wa Marekani alipolitamka jina la Kiwanuka, jina ambalo Amin alitaka lizikwe pasipo kaburi, jina hilo liliishi. Sisi nasi tulionja utamu huo mwaka 2009, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, ambaye sifa yake chuoni Connecticut ilikuwa kuzuia mipira kikapuni, alipoteuliwa wa pili katika mpira wa kikapu wa Marekani nzima.

TABIBU: Utamu wa umati haumlishi aliyebaki nyuma. Timu za NFL ni 32, na kila moja huandikisha wachezaji 53. Piga hesabu, ni watu 1,696 kutoka dunia nzima. Daniel Adongo, mzaliwa wa Kenya, mchezaji wa raga hodari aliyekuwa ameucheza mchezo huo Afrika Kusini na New Zealand, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 akawa mlinzi pasi na kuwahi kuucheza mpira wa Kimarekani hata siku moja. Alionekana katika mechi chache, na mwaka 2015 akaachiliwa. Na huyo alikuwa na kila kipawa. Ukimweka mtoto wa Kaisho mbele ya namba 1,696 na kumwambia akimbie, yule anayebaki njiani utamkuta mimi zahanati, si wewe uwanjani.

MWALIMU WA MICHEZO: Lakini mkimbio umekwisha kuanza, tupende tusipende! Mwaka 2023 NFL ilifanya kambi yake Nairobi kuwatazama vijana wa Afrika, na Osi Umenyiora, yuleyule aliyecheza safu moja na Kiwanuka, ndiye mmoja wa walioibeba kazi hiyo barani. Kutoka Nairobi hadi Kayanga ni safari ya basi tu. Siku mtafutaji wa vipawa atakapofika Omurushaka akitazama mabega ya vijana wetu, nani atakuwa amemwambia kijana maana ya dhamana katika mkataba, kama mimi nitakuwa nimenyamaza kwa hofu yako? Na uko mlango mwingine usio na kugongana: mpira wa vitambaa, ambao mlinzi badala ya kumwangusha adui hunyofoa kitambaa kiunoni mwake. Mchezo huo umekubaliwa katika Olimpiki ya Los Angeles ya mwaka 2028, kwa wanaume na kwa wanawake. Kusoma nyayo ni kulekule, kulinda ni kulekule, kichwa kinapona.

TABIBU: Kwa kitambaa, nitakuja mwenyewe kuwapima watoto wako afya, tena bure. Kwa kugongana, jibu langu ni hapana kwa mtoto, na hata kwa mtu mzima nitamwambia nijuayo kabla hajatia saini, kisha nitamwachia uamuzi wake, na moyo wangu hautatulia.

MWALIMU WA MICHEZO: Nami kwa mtu mzima aliyesoma na aliyeelezwa nitasema aende, na moyo wangu utatulia. Hapo mimi nawe hatukutani, Bwana Tabibu.

MKULIMA: Hamkukutana, wala sikuwaomba mkutane. Mimi nina neno kwa wazazi wenzangu, kutoka Kayanga hadi Murongo. Akija mgeni kuwasifia kifua cha mwanenu, mpeni kiti, mpeni ndizi, kisha mumuulize haya mbele ya mtoto na mbele ya mtu anayeielewa lugha ya mkataba: shule yake ataimaliza wapi na nani atailipia, akivunjika mguu msimu wa kwanza, nani atamtibu na kwa muda gani, katika fedha mliyoitaja, ni kiasi gani ambacho hakitafutika mkimwachilia, na akifika miaka 50 akaanza kusahau njia ya nyumbani, ni mlango gani atakaougonga. Asiyekuwa na majibu, mwacheni ale ndizi aondoke. Mwenye majibu, mtoto na azingatie mwenyewe akiwa mtu mzima. Wazazi wenzangu, ada ya shule ikitubana tuuze mbuzi, tuuze hata kipande cha shamba la migomba. Mtoto tusimuuze ua.